Nani Ametia Sahihi kwa Niaba Yangu?



Majuma machache yaliyopita nilimtembelea mama mmoja wa kanisa letu. Tulipokuwa tunakunywa chai alitoa bahasha kabatini, akaniambia, "Hebu nisomee hii. Mjukuu ameshanisomea, lakini moyo wangu haujatulia." Mjukuu ana miaka 13. Ndiye anayesoma barua zote za nyumba ile: za shule, za umeme, za mwenye nyumba, za hospitali. Hii ilitoka hospitali. Ilisema vipimo vimeonyesha jambo linalohitaji kuangaliwa tena, na kwamba mama apige simu apangiwe siku. Mjukuu alikuwa amemwambia, "Bibi, wanasema uko sawa, ni matangazo tu."

Tulimwita mtoto. Hakukana. Alisema aliogopa bibi asingelala, na alikuwa anangoja mama yake atoke zamu ya usiku amwambie yeye kwanza. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Bibi alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ungenisomea, halafu tungeogopa wote wawili."

Tangu siku ile kuna swali ambalo halijaniacha. Kama nampenda mtu, na ninajua jambo ambalo yeye halijui, je, upendo huo na ujuzi huo vinanipa haki ya kuamua mahali pake?

Katika nchi hii tunayoishi kuna watu waliokutana na swali hili wakalilipia kwa damu. Ni Wacherokee, mmoja wa mataifa yaliyokuwa hapa kabla ya Wazungu. Barua zao za karne ya 19 bado zipo. Nyingi za John Ross, aliyekuwa Chifu Mkuu wao, zimehifadhiwa katika makumbusho huko Tulsa, Oklahoma. Barua za wamisionari walioishi kati yao, pamoja na za baadhi ya Wacherokee waliosoma kwenye shule za misheni, ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Ukizisoma hukuti watu wa sinema wenye manyoya kichwani. Unakuta watu wanaosalimia ndugu walio mbali, wanaoomba vitabu vya shule, wanaolalamikia ushuru na polisi, wanaogombana juu ya kiongozi. Unakuta watu kama sisi.

Nchi yao ilikuwa sehemu za Georgia, Tennessee, North Carolina na Alabama za leo. Karibu mwaka 1821 Mcherokee mmoja aitwaye Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alikamilisha mwandiko wa lugha yao. Una alama zaidi ya 80, na karibu kila alama ni silabi moja. Sisi tuliofundishwa ba, be, bi, bo, bu tunaweza kuelewa kwa nini mtu aliyeijua lugha alijifunza kuusoma kwa muda mfupi sana. Barua zikaanza kusafiri kati ya waliobaki nyumbani na ndugu zao waliokwisha kuhamia Arkansas. Mwaka 1827 wakaandika katiba yao. Tarehe 21 Februari 1828, katika mji wao mkuu wa New Echota, likatoka gazeti lao, Cherokee Phoenix, kwa lugha mbili, Kicherokee na Kiingereza.

Mhariri wake aliitwa Elias Boudinot. Alikuwa Mcherokee aliyesomeshwa kwenye shule ya misheni huko Cornwall, jimbo la Connecticut. Huko alichumbia binti wa Kizungu, Harriet Gold. Habari ilipojulikana mwaka 1825, watu wa mji ule, watu wa kanisa, walichoma sanamu zao hadharani, na aliyewasha moto alikuwa kaka yake Harriet mwenyewe. Barua za familia ile zimebaki, na zinaonyesha nyumba iliyogawanyika. Hata hivyo walioana mwaka 1826 wakaenda kuishi New Echota. Huko Boudinot alifanya kazi ya gazeti na ya kutafsiri Biblia pamoja na mmisionari Samuel Worcester. Katika taifa lile, yeye ndiye aliyekuwa kama yule mjukuu. Bahasha za wakubwa zilipofika, alikuwa miongoni mwa wachache walioweza kuzisoma na kuelewa kilichomo kati ya mistari.

Na habari zilikuwa mbaya. Mwaka 1830 Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha mataifa ya asili kuwapeleka magharibi ya mto Mississippi. Jimbo la Georgia likajitangaza kuwa mtawala wa nchi ya Wacherokee. Mwaka 1831 Worcester na mwenzake Elizur Butler walikataa kula kiapo cha utii kwa Georgia, wakahukumiwa miaka 4 ya kazi ngumu gerezani. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Watu walifurahi wakidhani mambo yamekwisha. Lakini Georgia haikujali, na serikali ya Rais Andrew Jackson haikuilazimisha. Ardhi ikagawiwa Wazungu kwa bahati nasibu. John Ross mwenyewe alirudi nyumbani mwaka 1835 akakuta watu wengine wamekwisha kuingia katika nyumba yake.

Wapendwa, tukisoma habari hiyo tunamkumbuka Nabothi katika 1 Wafalme 21. Mfalme alitaka shamba lake, naye akakataa kuuza urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa jina la mtu mwingine, akazitia muhuri ambao si wake, na kila kitu kikaonekana kimefuata sheria. Wenye nguvu wanapotaka shamba la mtu hupenda sana kuwe na karatasi.

Boudinot alikuwa ameandika kwa miaka mingi dhidi ya kuhamishwa. Sasa akabadili mawazo. Aliona kwamba wakibaki watakwisha, kwa ulevi, kwa kunyang'anywa, kwa kupigwa. Alitaka kuyaeleza hayo gazetini ili watu wajadiliane. Ross na baraza wakakataa, wakitaka taifa liwe na sauti moja mbele ya adui. Boudinot akajiuzulu uhariri mwaka 1832.

Tarehe 29 Desemba 1835, huko New Echota, watu wapatao 20 walitia sahihi mkataba wa kuiuza nchi yote kwa dola milioni 5 na kuhamia magharibi. Kati yao walikuwa Boudinot na ndugu wa baba yake, mzee Major Ridge. Mtoto wa mzee huyo, John Ridge, aliongeza sahihi yake baadaye. Hawakuwa wamechaguliwa na taifa kufanya hivyo. Mwakilishi wa Marekani aliyesimamia mkataba ule alikuwa mchungaji, John Schermerhorn. Tusilipite jambo hilo haraka sisi watu wa kanisa: mtumishi mmoja wa Mungu alikuwa amefungwa gerezani kwa ajili ya Wacherokee, na mwingine alikuwa ameshika wino wa kuwahamisha.

John Ross aliandika barua baada ya barua kwenda Washington akisema: hawa hawakututuma. Yakakusanywa majina zaidi ya 15,000 ya kuupinga mkataba. Seneti iliupitisha Mei 1836 kwa tofauti ya kura moja tu. Miaka miwili baadaye, Mei 1838, wanajeshi walianza kuwatoa watu majumbani. Mmisionari Mbaptisti Evan Jones aliandika kutoka kwenye kambi walimofungiwa akieleza jinsi walivyoswagwa bila kupewa nafasi ya kuchukua vitu, na nyuma yao waporaji wakiingia. Katika kambi zile zile yeye na mchungaji Mcherokee Jesse Bushyhead waliendelea kuhubiri na kubatiza. Kisha ikaja safari ya majira ya baridi, inayoitwa Njia ya Machozi. Kati ya watu wapatao 16,000, inakadiriwa kwamba karibu 4,000 walikufa, kambini, njiani au mara baada ya kufika. Quatie, mke wa Ross, alikuwa mmoja wao.

Tarehe 22 Juni 1839, katika nchi mpya, Boudinot, Major Ridge na John Ridge waliuawa na Wacherokee wenzao siku moja, kila mmoja mahali pake. Boudinot alikuwa akijenga nyumba. Watu walimjia wakiomba dawa, naye akaongozana nao kwenda kuwapatia.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tusikimbilie kumhukumu mtu yeyote.

Boudinot aliacha maandishi, aliyoyachapisha mwaka 1837, na hoja yake si ya kipumbavu. Kwa kifupi alisema hivi: ikiwa watu wengi hawaijui hali yao halisi, basi wachache wanaoijua wana haki ya kufanya kile ambacho wale wengi wangekifanya kama wangeelewa. Tafadhali soma tena sentensi hiyo polepole. Ni hoja ya yule mjukuu. Ni hoja ya baba anayejaza fomu usiku bila kumwambia mkewe. Ni hoja ya mzee wa kanisa anayesema, "Waumini hawaelewi mambo ya mikataba, tuamue sisi." Na mara nyingine ni hoja ya kweli. Wengi wetu tulio hapa leo tupo kwa sababu mtu fulani hakuitisha kikao. Mama aliwabeba watoto usiku, risasi zikisikika, akavuka ziwa. Hakuwauliza. Kambini, mkuu wa kaya aliandika majina yetu kwenye fomu na kujibu maswali ya mahojiano kwa niaba yetu. Nani atasema alikosea?

Hata yale majina zaidi ya 15,000 ya Ross yana fundisho. Hesabu ya mwaka 1835 ilionyesha Wacherokee 16,542 kwa jumla. Kwa hiyo lazima wazazi waliandika majina ya watoto wadogo pia. Upande uliolalamika kwamba wametiliwa sahihi bila ridhaa, nao uliwatilia sahihi wale wasioweza kushika kalamu. Haikwepeki. Kuishi pamoja ni kuamuliana mambo.

Basi tofauti iko wapi? Mtu anaweza kusema tofauti iko kwenye matokeo: mama aliyevuka ziwa aliokoa watoto, Boudinot alileta vifo. Lakini hatuwezi kujua kwamba bila mkataba Wacherokee wangepona. Jirani zao Wacreek walihamishwa kwa nguvu mwaka 1836. Huenda Boudinot aliona mbele vizuri kuliko Ross. Mtu anaweza kuwa sahihi juu ya kesho na bado akamkosea mwenzake leo.

Nadhani tofauti iko hapa. Mama wa usiku ule aliamua kwa ajili ya watoto ambao hawakuweza kujibu, kwa saa ambayo haikungoja jibu. Wacherokee walikuwa wamekwisha kujibu. Walijibu kwa mabaraza, kwa barua, kwa majina yao. Walisema hapana. Boudinot hakuamua kwa niaba ya watu wasio na sauti. Aliamua kinyume cha sauti aliyoisikia, kisha akaiita sahihi yake kuwa ni yao. Na karatasi ile ndiyo iliyowapa wenye nguvu walichokosa: uwezo wa kusema mbele ya ulimwengu kwamba Wacherokee wamekubali.

Lakini haki inatudai tuseme na upande wa pili. Ross alipomzuia Boudinot kuchapisha hoja zake, aliwanyima watu wake nafasi ya kusikia habari mbaya na kuzipima wenyewe. Alifanya hivyo kwa upendo, ili wasivunjike moyo. Naye pia, kwa namna yake, aliishika bahasha akasema, "Ni matangazo tu." Hapana ya mtu ambaye hajasomewa barua yote haijakamilika, kama vile ndiyo yake isivyokamilika. Viongozi wawili waliowapenda watu wao, mmoja akawaficha hoja, mwingine akawachukulia uamuzi, na kati yao nafasi ya watu kuamua wakiwa wanajua ikapotea.

Kuna kundi lingine ambalo halimo kabisa katika mabishano hayo. Hesabu ile ile ya 1835 ilionyesha Waafrika 1,592 waliokuwa watumwa katika nchi ya Wacherokee. John Ross alimiliki watumwa. Major Ridge alimiliki watumwa. Katiba ya 1827 iliwazuia wenye asili ya Kiafrika kushika madaraka. Watumwa hao nao walitembea Njia ya Machozi, wakipika, wakikata kuni, wakizika wafu. Ross na Boudinot walibishana kwa miaka juu ya nani ana haki ya kutia sahihi kwa niaba ya nani, na katika mabishano yao hakuna aliyewauliza hawa. Ni vigumu kwetu kulisoma hilo, sisi wenye ngozi kama yao. Lakini tusilisome kwa kunyooshea kidole tu. Watu walioonewa kweli, waliojua kwa uchungu maana ya kuamuliwa, waliweza kuishi nyumba moja na watu waliowaamulia kila kitu bila kuona kwamba ni jambo lile lile. Mkataba wa mwaka 1866 uliwapa walioachwa huru na wazao wao haki za raia wa taifa la Cherokee. Mwaka 2007 taifa lile lilipiga kura kuwaondoa wazao hao. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani ikaamua kwamba haki yao inabaki, na mwaka 2021 mahakama kuu ya Wacherokee wenyewe ikaondoa katika sheria zao maneno yaliyohesabu uraia kwa damu. Imechukua muda mrefu mno, lakini ni vema kwamba neno la mwisho lilitoka kwao wenyewe.

Kwa hiyo kila ninapouliza, "Nani ametia sahihi kwa niaba yangu?" sina budi niulize pia, "Na mimi nimetia kwa niaba ya nani, bila hata kukumbuka kwamba yupo?"

Mtume Paulo aliandika barua fupi inayohusu jambo hili hili. Katika Filemoni, kwenye mstari wa 14, anasema kwamba hakutaka kufanya lolote bila ridhaa ya Filemoni, ili wema wake uwe wa hiari, si wa kulazimishwa. Paulo alikuwa mtume. Alijua lililo sawa, na anasema wazi kwamba angeweza kuamuru. Bado alichagua kuandika na kungoja jibu. Hata katika barua hiyo nzuri mimi huwaza juu ya Onesimo, yule mtumwa aliyerudishwa na labda aliibeba barua mwenyewe. Natumaini kabla ya kufungwa alisomewa.

Katika barua za Wacherokee kuna binti mmoja ambaye habari yake imenisaidia. Ni Catharine Brown, mmoja wa waamini wa kwanza katika misheni ya Brainerd, karibu na mji wa Chattanooga wa leo. Alibatizwa Januari 1818. Mwaka ule ule wazazi wake, waliotaka kuhamia Arkansas, walikuja kumchukua shuleni. Hakutaka kuondoka. Alilia, lakini aliwatii wazazi akaenda. Wazazi nao hawakufunga masikio. Waliona huzuni yake, wakamsikiliza, na mwaka 1819 walimrudisha Brainerd wao wenyewe. Baadaye alifundisha wasichana katika kijiji cha kwao. Alifariki mwaka 1823 kwa kifua kikuu, akiwa bado kijana, na barua zake zikachapishwa. Wazazi wale waliamua kwanza, kama wazazi wanavyolazimika. Lakini uamuzi wao uliacha mlango wazi, na mtoto alipobisha walifungua.

Nadhani hapo ndipo Mkristo anaweza kusimama. Zipo siku nitakapolazimika kumwamulia mwenzangu. Siku hiyo ikipita, nina deni la kumweleza nilichofanya na kwa nini, kumsomea barua yote, na kukubali kwamba anaweza kuniambia nimekosea. Kama naona aibu kumweleza, huenda sikuwa na haki ya kuamua. Na kama amekwisha kuniambia hapana, basi kazi yangu ni kumshawishi, kumwombea, na kubaki naye ndani ya uamuzi wake, hata ukiniumiza.

Wazazi, watoto wetu wengi hawajawahi kuelezwa kwa nini tuliwaleta huku na waliacha nini nyuma. Walitiliwa sahihi. Waelezeni. Vijana, ninyi ndio macho ya nyumba zetu kwa Kiingereza, na tunawashukuru. Barua ya bibi ni ya bibi. Isomeni yote, hata mstari unaotisha, kisha kaeni naye.

Yule mama alipiga simu siku iliyofuata. Mjukuu ndiye aliyetafsiri, bibi akiwa amekaa kando yake, na alipofika kwenye neno gumu alisimama akamweleza. Siku imepangwa. Tumkumbuke katika maombi ya Jumatano.

Juma hili, nyumbani, someni waraka wote wa Filemoni pamoja. Ni dakika chache tu. Kisha kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, aseme jambo moja ambalo aliamuliwa na angependa kuelezwa.

Mungu awabariki.